Walipokutana na wenzao: Simulizi za waandishi kwenye kongamano la hadithi za kisayansi

MIAKA ya 1920, katika eneo la Brooklyn jijini New York, alikuwapo baba mmoja mhamiaji kutoka Urusi aliyekuwa na duka la pipi. Mbali na pipi aliuza sigara na magazeti, na kwenye rafu ya magazeti yalikuwapo majarida ya hadithi yenye majalada ya rangi kali: roketi, majitu ya ajabu, miji inayoelea angani.

Mwanawe aliyakodolea macho kila siku. Baba akakataa katakata asiyaguse. Alitaka mtoto asome, ila asome vitu vya maana, na yale kwake yalikuwa takataka.

Mwaka 1929 likaingia dukani jarida jipya lililoitwa Science Wonder Stories. Mtoto, wakati huo ana miaka tisa, akaona upenyo. Akalipeleka kwa baba na kumwonyesha neno la kwanza la jina lile: sayansi. Sasa baba, sayansi si masomo? Mzee, ambaye Kiingereza kilikuwa bado kinampiga chenga, akaridhika.

Mtoto huyo ni Isaac Asimov, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa hadithi za kisayansi duniani, na kisa hiki alikisimulia mwenyewe ukubwani. Hadithi za kisayansi ndizo zile za kubuni zinazouliza ingekuwaje: ingekuwaje mashine zikifikiri, watu wakihamia sayari nyingine, maji yakiisha duniani.

Nimeanza na baba mwenye duka kwa sababu ukurasa huu ni wa wazazi. Waandishi hawa wamesimulia sana kuhusu makongamano waliyohudhuria, nani walikutana naye, tuzo gani walipata au walikosa. Ukizisoma simulizi hizo kwa jicho la mzazi, unaanza kuona mtu mwingine nyuma yao: aliyetoa ruhusa, aliyetoa nauli, aliyenunua kalamu.

Na pengine nyumbani kwako yupo mmoja wa namna hiyo. Daftari la hisabati limejaa roketi kwenye kurasa za nyuma. Ukimtuma dukani anarudi bila chumvi kwa sababu njiani alikuwa sayari ya Mars.

Basi la kuvuka nchi nzima

Julai 1939, watu wapatao 200 walikusanyika katika ukumbi mmoja jijini New York, wakati jiji hilo likiwa na maonyesho makubwa ya kimataifa. Wengi wao walikuwa vijana, na kilichowaleta ni kile kile kilichokuwa kwenye rafu ya duka la mzee Asimov. Hilo ndilo linalohesabiwa kuwa Kongamano la Dunia la Hadithi za Kisayansi la kwanza, ambalo wapenzi wake huliita kwa kifupi Worldcon.

Limeendelea mpaka leo, kila mwaka katika jiji tofauti, isipokuwa miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Linaandaliwa na wasomaji wenyewe, kwa kujitolea. Anayelipa ada anakuwa mwanachama wa kongamano la mwaka huo, na wanachama ndio wanaopiga kura ya tuzo ya Hugo, ambayo kikombe chake kina umbo la roketi. Tuzo hiyo ilianza kutolewa mwaka 1953. Kwa siku kadhaa kunakuwa na mijadala, waandishi kusaini vitabu, maonyesho ya michoro, mashindano ya mavazi, na mazungumzo yasiyoisha kwenye korido. Wengi wanaosimulia husema korido ndiyo kongamano lenyewe.

Katika wale 200 wa mwaka 1939 alikuwapo Ray Bradbury, miaka 18, kutoka Los Angeles, upande wa pili kabisa wa Marekani. Alikuwa amemaliza sekondari mwaka uliotangulia, familia haikuwa na uwezo wa kumpeleka chuo, na alikuwa akiuza magazeti kwenye kona ya barabara. Nauli aliikopa kwa rafiki yake, Forrest Ackerman, mpenzi mwenzake wa hadithi hizo. Akapanda basi akavuka nchi nzima.

Alichobeba hakikuwa cha kwake peke yake. Alikuwa na michoro ya rafiki mwingine, Hannes Bok, mchoraji ambaye hakuweza kusafiri. Bradbury akawa anazunguka nayo kwa wahariri mmoja mmoja. Mhariri wa jarida la Weird Tales akaipenda, na kabla mwaka haujaisha kazi ya Bok ilikuwa kwenye jalada.

Bradbury mwenyewe alirudi nyumbani bila kuuza hadithi hata moja. Ya kwanza kulipwa ilitoka mwaka 1941. Lakini sasa aliwajua wahariri kwa sura, nao walimjua yule kijana mwenye kelele kutoka Los Angeles. Nadhani hapa wazazi wengi tungemuuliza: umetumia hela yote hiyo, umerudi na nini?

Ackerman naye alikwenda, na alizua jambo ambalo limedumu kuliko hotuba zote za siku zile. Aliingia ukumbini amevaa vazi la watu wa karne zijazo, na mwenzake Myrtle Douglas amevaa la kwake. Mavazi yale yalishonwa na Myrtle kwa mikono yake. Leo duniani kote vijana wanaovaa kama wahusika wa filamu na katuni wanafuata nyayo za fundi huyo wa cherehani, ingawa wengi hawajui jina lake. Mzazi aliyewahi kukesha akishona vazi la mtoto kwa ajili ya mahafali ya chekechea atamwelewa Myrtle vizuri.

Sita waliobaki nje

Kuna sehemu ya siku ile ambayo wasimuliaji huipita haraka. Vijana sita walifika mlangoni wakazuiwa. Walikuwa wa kundi jingine la wasomaji wa New York, wenye ugomvi wa muda mrefu na waandaaji, na waandaaji waliogopa kwamba wangeingia na vipeperushi vya siasa na kuvuruga mkutano.

Waliozuiwa walikuwa watoto wa mjini wenye kusoma kama wengine waliokuwa ndani. Mmoja wao, Frederik Pohl, alikuja kushinda Hugo kama mhariri na tena kama mwandishi. Mwingine, Donald Wollheim, alianzisha kampuni kubwa ya vitabu.

Asimov, miaka 19, alikuwa rafiki wa hao sita. Yeye hakuzuiwa. Aliingia, akakaa, akafurahia, na baadaye aliandika kwamba moyo ulimsuta kwa kutosimama na wenzake. Watoto wetu wanalijua jambo hili bila kusoma historia yoyote. Kundi la wanaobaguliwa shuleni kwa kupenda vitabu likipata chumba chake, mara nyingi kitu cha kwanza linachotafuta ni mtu wa kumweka nje.

Mama aliyeingilia mlango wa nyuma

Simulizi inayonigusa zaidi ni ya Octavia Butler. Alizaliwa mwaka 1947 Pasadena, California. Baba yake alikuwa mng'arisha viatu, akafariki mtoto angali mdogo. Mama alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa familia za Wazungu. Octavia alimwona mama yake akiingia nyumba hizo kwa mlango wa nyuma na akisikia watu wakimsema mbele yake kana kwamba hayupo.

Kutoka nyumba hizo mama alirudi na vitabu na majarida yaliyotupwa. Ndivyo maktaba ya kwanza ya mtoto ilivyopatikana.

Octavia alikuwa mrefu kuliko wenzake, mwenye aibu nyingi, na kusoma kulimpa shida kwa sababu herufi zilimchanganya. Alipofika miaka kumi alimwomba mama mashine ya kuchapia. Hebu fikiri: mfanyakazi wa ndani, mjane, anaombwa taipureta na mtoto wa miaka kumi. Akanunua. Ndugu waliona ni wazimu, na shangazi mmoja akamwambia mtoto kwamba watu weusi hawawezi kuwa waandishi.

Halafu kikatokea kisa ambacho wazazi wa hapa kwetu watakitambua. Alijitokeza mtu aliyejiita wakala wa vitabu, akataka alipwe kwanza ndipo asome hadithi za binti. Mama akalipa, fedha zilizozidi kodi yao ya mwezi mzima. Hakuna kilichopatikana. Butler mwenyewe aliandika kuhusu jambo hilo, na uchungu wake bado unasikika.

Matapeli wa vipaji hawajabadilika. Leo wanakuja kwa WhatsApp: lipia mtoto asajiliwe, lipia kitabu chake kichapishwe, lipia aingie kwenye shindano. Mchapishaji wa kweli humlipa mwandishi. Wakala wa kweli hukata asilimia yake baada ya kitabu kuuzwa, na hachukui senti kabla ya hapo.

Mwaka 1970 Butler alisafiri hadi Pennsylvania kuhudhuria warsha ya wiki sita iitwayo Clarion, ya watu wanaojifunza kuandika hadithi za aina hii. Aliyemhimiza kwenda ni mwandishi Harlan Ellison. Huko, kwa mara ya kwanza, alikaa mchana na usiku na watu waliofanya kile alichokuwa akikifanya peke yake chumbani tangu utotoni. Akauza hadithi mbili. Akadhani mambo yamefunguka.

Kisha ikapita miaka mitano bila kuuza kitu. Aliosha vyombo, alikagua viazi vya kukaanga kiwandani, aliuza bidhaa kwa simu. Aliamka saa nane za usiku kuandika kabla ya kwenda kazini.

Mwaka 1984, kwenye Worldcon iliyofanyika Anaheim, katika jimbo lile lile la California ambako mama yake alisafisha nyumba za watu, Butler alishinda Hugo ya kwanza kwa hadithi fupi. Mwaka uliofuata, kongamano likiwa Australia, alishinda nyingine. Mwaka 1995 akawa mwandishi wa kwanza wa hadithi za kisayansi kupewa ruzuku ya MacArthur, ile ambayo Wamarekani huiita ya watu wenye vipawa vya pekee.

Kwa hiyo kutoka taipureta hadi tuzo ilipita zaidi ya robo karne. Nayaandika haya kwa ajili ya mzazi anayesubiri kipaji cha mtoto kilipe ada ya muhula ujao.

Utani wa mwaka 1968

Mmoja wa walimu wa Butler kwenye warsha ile alikuwa Samuel Delany, mzaliwa wa Harlem, ambaye baba yake alikuwa na kampuni ya mazishi. Delany alichapisha riwaya yake ya kwanza akiwa na miaka 20. Kwa muda mrefu yeye na Butler walikuwa miongoni mwa waandishi weusi wachache mno katika fani hii.

Mwaka 1998 Delany aliandika makala ndefu kuhusu ubaguzi wa rangi katika hadithi za kisayansi, na sehemu kubwa inahusu mambo yaliyomkuta kwenye mikusanyiko. Anakumbuka usiku wa tuzo za Nebula mwaka 1968. Nebula hupigiwa kura na waandishi wenyewe, na usiku ule alishinda mbili. Alipokuwa anarudi kwenye kiti chake, Asimov, kijana yule wa duka la pipi ambaye sasa ni mzee wa fani, akamwinamia na kumtania: kwamba wamempigia kura kwa sababu tu ni mweusi.

Delany anasema alielewa kuwa ulikuwa utani, wa mtu aliyetaka kupoza hali iliyokuwa imechafuka ukumbini. Hakumchukia. Lakini anaeleza kwamba pale ndipo alipojua: watu hawa, hata wakimpenda, hata wakimpa tuzo, hawatasoma mstari wake mmoja bila kukumbuka rangi yake.

Anataja pia jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa. Kwenye makongamano alikuwa akiwekwa jukwaa moja na Butler mara kwa mara, ingawa vitabu vyao havifanani. Alimpenda na kumheshimu mwanafunzi wake huyo. Swali lake lilikuwa nani amepanga, na kwa nini.

Kama mtoto wako amewahi kuwa peke yake wa kabila fulani, au wa dini fulani, au mwenye ulemavu katika darasa zima, muulize amekaribishwaje. Atakwambia kwamba wapo wanaokukaribisha huku wakikukumbusha kila dakika kuwa wewe ni mgeni.

Kuhusu usalama, tusemane ukweli

Siwezi kuandika kwenye ukurasa wa familia nikasifu mikusanyiko ya watu wazima na vijana bila kugusa hili.

Asimov huyo huyo, ambaye vitabu vyake bado ninavipendekeza, alijulikana miaka mingi kwa kuwashika wanawake kwenye makongamano bila ridhaa yao. Wanawake waliokuwapo wameeleza. Wakati ule jambo hilo lilichukuliwa kama mzaha, na wanaume waliokuwa karibu walicheka.

Kuna lililo zito zaidi. Mwaka 1964, waandaaji wa Worldcon ya Oakland, California, walimfutia uanachama mtu mmoja maarufu katika jamii hiyo kwa sababu walikuwa na taarifa kwamba anadhuru watoto. Ungetarajia watu wawashukuru. Badala yake wapenzi wengi wa hadithi hizi waliwashambulia waandaaji, wakisema wanamwonea mwenzao msomi. Miaka mingi baadaye mtu huyo alihukumiwa mahakamani kwa makosa dhidi ya watoto. Alifia gerezani mwaka 1993.

Waliotetea hawakuwa watu wabaya wote. Walikuwa watu waliowahi kutengwa shuleni na mitaani, wakaapa kwamba kwenye kundi lao hakuna atakayetengwa. Huruma ile ile iliyowakutanisha ikawafumba macho.

Siku hizi makongamano mengi ya aina hii yana kanuni za maadili zilizoandikwa, watu maalumu wa kupokea malalamiko, na utaratibu wa watoto kuambatana na mzazi au mlezi. Mengi yana programu ya watoto yenye vipindi vyao. Mzazi anayempeleka mtoto kwenye tamasha lolote, liwe la vitabu, la katuni, la michezo ya kompyuta au kambi ya kanisa, ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa: mtoto akipata tatizo anamwendea nani, na huyo mtu anakaa wapi? Mwandaaji akiona swali hilo ni la kumkosea heshima, hapo tayari umeshajibiwa.

Sherehe ya walioshindwa

Yapo pia ya kufurahisha. Mwaka 1976, Worldcon ikiwa Kansas City, mwandishi George R.R. Martin alikosa Hugo mbili usiku mmoja. Huyu ndiye baadaye aliandika vitabu vilivyozaa tamthilia ya Game of Thrones. Baba yake alikuwa kuli wa bandarini. Badala ya kujifungia, yeye na rafiki yake Gardner Dozois wakafungua chumba cha hoteli na kufanya sherehe ya walioshindwa. Walijazana wakala, wakanywa, wakacheka. Sherehe hiyo ikawa desturi, na leo wapo wanaoisubiri kuliko tuzo zenyewe.

Natamani shule zetu zingekuwa na kitu kama hicho siku matokeo yanapotangazwa.

Jiji hilo hilo la Kansas City liliandaa tena Worldcon miaka 40 baadaye, mwaka 2016. Usiku wa tuzo, roketi ya riwaya bora ilikwenda kwa N.K. Jemisin, mwandishi mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo ya juu tangu mwaka 1953. Usiku ule ule roketi ya riwaya fupi ilikwenda kwa Nnedi Okorafor, aliyezaliwa Marekani na wazazi kutoka Nigeria, waliokuwa wakimpeleka kwao likizo.

Okorafor hakupanga kuwa mwandishi. Alikuwa mchezaji wa tenisi. Akiwa na miaka 19 alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo uliopinda, akazinduka miguu haifanyi kazi. Akiwa kitandani, akisubiri kujua kama atatembea tena, alianza kuandika. Alitembea, ingawa uwanjani hakurudi kama zamani.

Kitabu kilichompa Hugo kinaitwa Binti, na kwa msomaji wa Kiswahili jina hilo linatosha kuleta tabasamu. Kinamhusu msichana wa Kihimba, jamii ya kusini mwa Afrika, mwenye kipaji kikubwa cha hisabati. Amepata nafasi chuo kikuu kilicho sayari nyingine. Familia haitaki aende. Anatoroka usiku bila kuaga. Mzazi ukikisoma utajikuta unafikiria zaidi waliobaki nyumbani kuliko anayesafiri.

Kabla ya hapo, mwaka 2011, Okorafor alikuwa amepata tuzo nyingine kubwa, ya Kongamano la Dunia la Fantasia. Kikombe chake kilikuwa sanamu ya kichwa cha H.P. Lovecraft, mwandishi wa zamani aliyeandika mambo ya kuwadharau watu weusi waziwazi. Rafiki aliyeiona sanamu hiyo nyumbani kwake alishangaa na kumuuliza kichwa cha mbaguzi yule kinafanya nini humo ndani. Okorafor akaandika hadharani kuhusu hali hiyo: amepewa heshima aliyoifanyia kazi, kwa sura ya mtu ambaye asingempa hata kiti. Waandishi wengine wakapaza sauti pia, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba sanamu hiyo itabadilishwa.

Jemisin naye alishinda tena mwaka 2017, na tena mwaka 2018 huko San Jose, California. Hakuna aliyewahi kushinda tuzo ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo kabla yake. Vitabu hivyo vitatu vinasimulia dunia inayobomoka na mama anayemtafuta binti yake ndani ya vurugu hizo.

Akiwa jukwaani na roketi ya tatu mkononi, Jemisin alizungumzia wale waliokuwa wakisema watu kama yeye wanapewa tuzo kwa sababu ya rangi. Wakishinda wao inaitwa uwezo, alisema, tukishinda sisi inaitwa siasa. Sasa anawatabasamia huku akiwanyanyulia kidole chenye umbo la roketi. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Tangu Delany aambiwe utani ule ilikuwa imepita miaka 50 kamili.

Mbali na nyumbani

Kufikia mwaka 2025, Worldcon haikuwa imewahi kufanyika Afrika. Imekwenda Yokohama, London, Helsinki, Dublin, Chengdu, Glasgow, na mara nyingi zaidi miji ya Marekani. Kwa mwandishi kijana wa Arusha, Mombasa au Bujumbura, kikwazo cha kwanza ni viza, cha pili ni nauli, na hata hivyo viwili vikipatikana bado kuna hoteli.

Mlango mmoja ulifunguka kwa bahati mbaya. Mwaka 2020 kongamano lilikuwa lifanyike New Zealand, korona ikaingia, likahamishiwa lote mtandaoni. Tangu hapo baadhi ya makongamano yamekuwa na tiketi ya kufuatilia kwa intaneti, ambayo ni nafuu sana kuliko safari. Korido, hata hivyo, haipiti kwenye simu, na saa za huko zinaweza kuwa usiku wa manane huku kwetu.

Wakati huo huo, hadithi hizi si ngeni kwetu kama watu wanavyodhani. Katama Mkangi wa pwani ya Kenya alichapisha Walenisi mwaka 1995, kwa Kiswahili safi: Dzombo anahukumiwa kifo kwa kuwekwa kwenye chombo cha angani, naye anatua katika dunia nyingine yenye watu wanaoishi kwa haki. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu, Mkenya, alitengeneza Pumzi, filamu fupi kuhusu Afrika Mashariki isiyo na maji juu ya ardhi, ambako mwanamke mmoja anapata udongo wenye uhai na kuamua kutoka nje kupanda mche. Ilionyeshwa tamasha la Sundance mwaka 2010. Ina dakika zisizozidi 25, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuitazama na mzazi wake bila mtu yeyote kuona haya.

Mwenye roketi kwenye daftari la hisabati haitaji tiketi ya ndege kwa sasa. Anahitaji wenzake wawili au watatu, Jumamosi moja kwa mwezi, kwenye maktaba ya mkoa au kibarazani kwenu, kila mmoja aje na hadithi yake aisome kwa sauti. Mtu mzima mmoja awepo karibu, anayeonekana. Maandazi yatatosha. Na yule mtoto wa jirani asiyependwa na kundi, anayechukua muda mrefu kumaliza sentensi, mwiteni naye tangu siku ya kwanza.